Kifungo cha Nje katika Kesses

Katika Kesses, nchi ya mahindi, ngano na ng'ombe wa maziwa upande wa kusini-mashariki wa Eldoret, ambako Chuo Kikuu cha Moi kilichoanzishwa mwaka 1984 kina makao yake makuu, mpita njia huweza kumkuta mtu mzima akifyeka majani katika kiwanja cha shule ya msingi saa tatu ya asubuhi, hana askari wa kumlinda wala pingu mikononi, akamwamkia na kupita zake asijue kuwa aliyemwamkia anatumikia hukumu. Mtu huyo hakutoroka gerezani. Hakimu wa Eldoret alimwona ana hatia, akamhukumu kufanya kazi ya umma bila ujira kwa muda uliotajwa, na mwalimu mkuu wa shule ile amekabidhiwa karatasi ya mahudhurio anayoitia sahihi kila siku ambayo mkosaji amefika na kufanya kazi yake.

Wenyeji huiita adhabu hiyo kifungo cha nje, na maoni juu yake hayapatani. Wako wanaoona kuwa ni dhihaka kwa aliyedhulumiwa, kwamba mtu aliyevunja ghala la jirani yake alale kitandani mwake usiku ule ule wa hukumu. Na wako wanaoishukuru kwa kuwa imewaachia nyumbani mama anayekamua ng'ombe na kulipa karo. Mimi ni katika hao wa pili, walakini shukrani yangu ina sharti. Adhabu ya namna hii nguvu yake yote imo katika jicho la anayemsimamia mkosaji, na historia ya nchi hii imeonyesha mara nyingi kwamba jicho hilo likikosa uadilifu, kazi ya umma hugeuka utumwa na ulinzi hugeuka dhuluma. Ndiyo maana kila inapozungumzwa habari ya adhabu hupenda kuuliza mambo mawili: ni nani anayemwangalia mkosaji, na ni nani anayemwangalia huyo mwangalizi.

Kabla ya dola ya kigeni kufika katika nyanda hizi, Wanandi na jamaa zao wa Kikalenjin hawakuwa na jela. Ugomvi wa mipaka, wizi wa mifugo, matusi na majeraha vilisikizwa katika kokwet, baraza la wazee wa ujirani, na mambo yalisemwa hadharani hata wazee wakaafikiana. Aliyepatikana na hatia alilipa mifugo, na mifugo hiyo ilikwenda zizini kwa aliyedhulumiwa au kwa ahali zake, kisha mkosaji akabaki pale pale, mbele ya macho ya wale wale aliowakosea, akilisha ng'ombe katika malisho yale yale na kunywesha katika mto ule ule. Hofu ya laana ya wazee ilifanya kazi ambayo leo twataka ifanywe na ukuta na bunduki. Nisiipambe desturi hiyo kupita haki yake: sauti ya mwanamke ilikuwa ndogo katika baraza lile, na mwizi sugu au mtu aliyeshukiwa uchawi aliweza kuuawa. Lakini kwa makosa ya kila siku, ambayo ndiyo mengi katika zama zote, adhabu ilikuwa deni baina ya watu wanaojuana, na deni likilipwa ugomvi ulikwisha.

Waingereza walikuja na fikira nyingine. Baada ya Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, kuuawa tarehe 19 Oktoba 1905, na watu wake kusukumwa katika eneo walilotengewa, nyanda za Uasin Gishu ziligawiwa walowezi, na Makaburu kutoka Afrika ya Kusini walifika na magari yao ya ng'ombe mwaka 1908. Mji uliozaliwa katika kiwanja nambari 64, ambao wazee wangali wakiuita Sisibo, ulipata jina la Eldoret mwaka 1912. Mwaka 1909 serikali ilitunga sheria ya adhabu ya jumla, ambayo kwayo jamii nzima iliweza kutozwa faini kwa kosa la mtu asiyejulikana. Na baada ya Vita Vikuu vya kwanza kila mwanamume Mwafrika wa makamo ya kufanya kazi alilazimika kuchukua kipande, akikamatwa bila nacho akashtakiwa. Huko pwani, Ngome ya Yesu mjini Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilikuwa imekwisha kufanywa gereza tangu 1895, na gereza ilibaki hata 1958. Bara nako magereza na kambi za vizuizi viliongezeka, vikajazwa watu ambao wengi wao hawakuiba wala kuua: walikosa kulipa kodi, waliacha kazi ya bwana, au walisahau karatasi nyumbani.

Hapo ndipo adhabu ilipoachana na aliyedhulumiwa. Ng'ombe wa faini hawakwenda tena kwa jirani. Walikwenda kwa serikali. Mkosaji naye akaondolewa machoni pa watu wake, akarudi baada ya miezi akiwa mgeni, na yule aliyeibiwa akabaki na hasara yake. Hali hiyo tuliirithi pamoja na majengo, na miaka zaidi ya sitini ya uhuru haijaiondoa kabisa.

Kulikuwa na jaribio la zamani la kumtoa mfungwa nje ya kuta. Sheria ya Magereza iliruhusu waliofungwa muda mfupi, na walioshindwa kulipa faini, watumikie hukumu zao kwa kazi za nje karibu na makwao, na wasimamizi wakawa machifu na watumishi wengine wa serikali. Katika karatasi mpango huo ulikuwa mwema. Katika vijiji ulikuwa na ila moja kubwa, kwamba msimamizi hakuwa na msimamizi. Malalamiko yakaenea kuwa wafungwa walilimishwa mashamba ya machifu wenyewe, wakachota maji na kupasua kuni za wakubwa, na saa walizofanya kazi hazikuandikwa popote. Adhabu iliyokusudiwa kumrudisha mtu katika jamii ikamfunza kuwa sheria ni jembe mkononi mwa mwenye nguvu. Aliyetoka katika kazi ya namna hiyo na chuki moyoni simlaumu.

Wakati huo huo ilikuwako njia nyingine, tulivu na yenye subira zaidi. Katika Boston, Marekani, mwaka 1841, mshona viatu mmoja aitwaye John Augustus alikwenda mahakamani akamdhamini mlevi aliyekuwa karibu kufungwa, akaahidi kumwangalia, na baada ya muda akamrudisha mbele ya hakimu akiwa mtu mwingine. Akaendelea hivyo kwa mamia ya watu hata alipokufa. Katika fikira hiyo, kwamba mtu mmoja mwenye dhamiri achukue dhima ya mkosaji mmoja kwa jina lake, ndimo ilimozaliwa kazi ya probesheni. Uingereza iliiwekea sheria mwaka 1907, na Kenya ikaanza huduma hiyo mwaka 1946. Sheria yetu yasema kwamba amri ya probesheni isipungue miezi sita wala isizidi miaka mitatu, na kwamba hakimu asiitoe mpaka amemweleza mshtakiwa maana yake kwa maneno mepesi na mshtakiwa amekubali kuifuata. Ni nadra katika sheria za jinai mhukumiwa kuulizwa ridhaa yake, nami naliona jambo hilo kuwa na heshima kubwa ndani yake, maana ahadi iliyotolewa kwa hiari humfunga mtu mahali ambapo pingu hazifiki.

Kisha ikaja Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998, iliyochota maarifa kutoka Zimbabwe, ambako mpango kama huo ulikuwa umekwisha kupunguza msongamano wa magereza. Uganda ilitunga sheria yake mwaka 2000, na Tanzania mwaka 2002. Kwa sheria ya Kenya, mtu aliyekosa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka mitatu, au ambaye hakimu anaona kifungo kimstahilicho hakizidi muda huo, aweza kupewa kazi ya umma badala ya jela: kutengeneza barabara, kupanda miti, kuhifadhi mazingira, kusaidia miradi ya maji, kukarabati shule na hospitali. Machifu hawakuachiwa tena mambo peke yao. Mkosaji yu chini ya afisa wa probesheni, afisa yu chini ya mahakama, na mahala pa kazi pana msimamizi wa kutia sahihi. Akivunja amri hurudishwa kwa hakimu, naye hakimu aweza kuibadili amri ile au kuifuta na kumpa adhabu nyingine.

Afadhali tuitazame kazi ya afisa huyo kwa karibu, kwa kuwa wengi hawajapata kumwona akiifanya. Kabla ya hukumu, hakimu huagiza ripoti. Afisa hupanda matatu au pikipiki, akashuka Cheptiret au Kesses sentani, akatembea kwa miguu hata bomani kwa mshtakiwa, kwani njia nyingi za huku mvua zikinyesha hazipitiki kwa gari. Akifika huuliza mambo ambayo hayakuulizwa mahakamani. Ni nani anayeishi hapa, na anakula nini? Watoto wanasoma? Shamba ni lake au la kukodi? Ameanza lini kunywa? Huzungumza na mke au mume, na wazazi kama wangali hai. Hupita kwa mzee wa kijiji na kwa naibu wa chifu. Na akiwa mtu anayeijua kazi yake, huvuka ua akaenda kwa mlalamikaji, akamwuliza kama anamwogopa huyu mtu, alipoteza nini, na ataonaje akimwona njiani kesho. Majibu hayo ndiyo yanayoingia katika ripoti, na ripoti ndiyo inayompa hakimu macho ya kuona nyuma ya karatasi ya mashtaka. Ripoti iliyoandikwa ofisini kwa simu mbili tatu haina thamani hiyo, na ni hatari, kwa sababu humrudisha mtu katikati ya watu ambao hakuna aliyewauliza kama wako tayari kumpokea.

Na wanaofika katika ripoti hizo ni akina nani? Aghalabu ni watu wadogo. Ukaguzi wa mfumo wa haki ya jinai uliotolewa na Baraza la Kitaifa la Utekelezaji wa Haki mwanzoni mwa 2017 ulithibitisha jambo ambalo kila akaaye kizuizini hulijua, kwamba maskini ndio wanaokamatwa na kufungwa zaidi, na kwamba sehemu kubwa ya kesi ni za makosa madogo kama ulevi, fujo na kuuza bidhaa bila leseni. Huku kwetu kosa lililozoeleka ni kupika chang'aa. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 iliruhusu kinywaji hicho kitengenezwe kwa leseni na kutiwa chupani kwa kipimo, lakini mjane anayekipika kando ya kijito usiku ili mwanawe asirudishwe nyumbani kwa karo hana uwezo wa kiwanda wala chupa. Hukamatwa, hutozwa faini isiyolipika, na faini ikishindikana huingia gereza la wanawake la Eldoret. Chang'aa huua na kupofusha watu, wala sitaki mtu anielewe kuwa naitetea. Ila naona hasara tatu katika kifungo chake: watoto wamebaki bila mtu, serikali imemlisha, na siku akitoka anarudi kwenye pipa lile lile kwa kuwa hakuna alichofundishwa. Mwanamke huyo akipewa kitalu cha miche cha shule akitunze chini ya mwangalizi mwema, walau kijiji kitapata miti, na afisa wa kumfuatilia aweza kumwelekeza kwenye chama cha akina mama cha kuweka na kukopa.

Katiba ya 2010 imekwisha kufungua mlango huo. Imeamuru aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo ukimalizikia siku isiyo ya kazi. Imekataza kumweka mtu rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Na katika kifungu cha 159 imezitaka mahakama zihimize suluhu, pamoja na njia za jadi. Viboko vya mahakama vilikwisha kufutwa mwaka 2003. Hata adhabu ya kifo, ambayo haijatekelezwa nchini tangu 1987, Mahakama ya Juu iliamua tarehe 14 Desemba 2017, katika rufani ya Francis Muruatetu, kwamba kumlazimisha hakimu aitoe kwa kila kosa la mauaji ni kinyume cha Katiba.

Suluhu ya jadi, hata hivyo, ina mipaka yake, nami nataka kuitaja bila kificho. Mnamo Mei 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi iliridhia kesi ya mauaji iondolewe baada ya familia ya marehemu kupokea fidia kwa desturi ya Kisomali na sharia ya Kiislamu, na wanasheria wangali wakibishana juu ya uamuzi huo. Katika vijiji jambo linalonitia uchungu zaidi ni kesi za kunajisi watoto, ambazo wazee huzimaliza kwa mbuzi na makubaliano ya baba wawili, ilhali mtoto mwenyewe hakuulizwa neno. Hapo jicho la jamii limefumba kwa makusudi. Kosa la namna hiyo lina mahali pamoja tu, na mahali hapo ni mahakamani.

Tena yuko mwangalizi wa kwanza kabisa, ambaye mkosaji hukutana naye kabla ya hakimu na afisa wa probesheni, naye ni polisi. Watu wa Uasin Gishu wana sababu ya kumtazama kwa hofu na matumaini pamoja. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto na watu wakiwa ndani, tarehe 1 Januari 2008. Na tume ya Jaji Philip Waki, iliyohesabu waliokufa nchini kuwa 1,133, ilieleza kuwa 405 kati yao waliuawa kwa risasi. Wengine walilia kwa kuwa polisi hawakuja, na wengine walilia kwa kuwa polisi walikuja. Kutokana na msiba huo zilizaliwa sheria za 2011, ile iliyounganisha polisi wa kawaida na polisi wa utawala chini ya Inspekta Jenerali mmoja, na ile iliyoanzisha IPOA, mamlaka huru ya kuwachunguza polisi. Kwa mara ya kwanza raia alipata mahali pa kumshtaki askari ambapo hapako chini ya askari.

Je, imetosha? Juni 2025 mwalimu mmoja kijana alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kwa maneno aliyodaiwa kuandika mtandaoni juu ya mkubwa wa polisi, akasafirishwa hata Nairobi, na kabla ya kupambazuka alikuwa amekufa mikononi mwa kituo. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Madaktari waliopasua maiti walikanusha. Na baadhi ya askari, pamoja na mkuu wa kituo, wakafikishwa mahakamani kwa shtaka la mauaji. IPOA ilifanya kazi yake, na hilo ni jambo jipya katika nchi hii. Lakini mamlaka ya kuchunguza hufika mtu akiwa amekwisha kuzikwa. Mtu aliye hai katika seli anahitaji jicho la usiku ule ule: jina lake na saa ya kukamatwa katika kitabu cha matukio, jamaa zake kuarifiwa, wakili au hakimu kuweza kuingia.

Baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013 serikali ilihimiza Nyumba Kumi, ili majirani wajuane na kupeleka habari kwa chifu na polisi. Fikira hiyo Watanzania waliijua tangu miaka ya sitini kwa mabalozi wao wa nyumba kumi, na Wasukuma wa miaka ya themanini waliipa makali ya sungusungu, waliorudisha ng'ombe walioibwa na pia wakatenda ukatili. Naiunga mkono Nyumba Kumi pale inapomjua jirani ili kumsaidia. Inapogeuka orodha ya watu wa kushukiwa, au inapokusanya umati wenye tairi na petroli kwa kijana aliyeshikwa na kondoo, imeua sheria yenyewe iliyodai kuisaidia.

Mwanafalsafa wa Kifaransa Michel Foucault aliandika mwaka 1975 kwamba dola za kisasa ziliacha kuutesa mwili wa mkosaji mbele ya watu, zikashika njia ya kumtazama siku zote mpaka ajitazame mwenyewe. Na tangu mwaka 1983, hakimu mmoja wa New Mexico alipojaribu kifaa cha kufungwa mguuni, nchi tajiri zimeendelea kuukabidhi utazamaji huo kwa mashine. Siitamani njia hiyo kwa Kesses. Kifaa hujua mguu uko wapi, hakijui kama mtoto amepelekwa shuleni.

Neno langu la mwisho ni la mlalamikaji, ambaye kokwet ilimweka katikati nasi tumemsukuma pembeni. Kifungu cha 175 cha sheria ya mwenendo wa jinai chamruhusu hakimu kuagiza fidia, na kifungu cha 176 humruhusu kuhimiza upatanishi katika makosa madogo. Lakini aliyeibiwa ndama mara nyingi husikia hukumu kwa uvumi, akamwona mwizi wake akifyeka shuleni, akadhani ameachiliwa kwa hongo. Afisa aliyekwenda kumwuliza kabla ya hukumu ana wajibu wa kurudi kwake baada ya hukumu, amweleze ni saa ngapi zimeamriwa, ni nani anayetia sahihi, fidia yake ni ngapi na italipwa lini, na akiona mkosaji hafiki kazini apige simu kwa nani. Maafisa ni wachache na njia ni mbovu, wala serikali haijawapa hata pikipiki za kutosha. Basi bajeti ijayo ianzie hapo, kabla ya kujenga ukuta mwingine Eldoret.